Shavu la Kulia Hatukulitaja

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ana haraka ya kwenda mahali. Haya, nimeitundika jikoni, ahsanteni. Lakini katika zile hotuba kuna mmoja wenu alisema ati jicho la Bi Mwanaidi halikuwahi kukosa kitu mdomoni mwa mtu. Nikainamisha kichwa na soda yangu mkononi, mkadhani ni unyenyekevu. Wanangu, ile ilikuwa aibu. Jicho hilo hilo mnalolisifu lilikosa shavu zima la mtu mzima kwa karibu miaka miwili, na mwenyewe alikuwa akija kukaa mbele yangu na kufungua mdomo kila alipoambiwa afungue.

Habari za vyeo mtazisoma kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi naandika habari za shavu.

Nilifika Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, natoka Malindi, diploma ya afya ya meno bado inanuka wino, miguuni nina viatu vya visigino. Mtu wa pwani nikajiona najua joto. Lo! Joto la kwetu lina adabu, linakaa likikumbuka kuna upepo. La Garissa lilinipokea pale darajani, likanisindikiza mpaka kliniki ya meno, na kisigino kimoja kikabaki njiani. Aliyenifungulia mlango alikuwa Bwana Noor, msaidizi wa kliniki, mzaliwa wa pale pale, mrefu, mkavu, ndevu zimepakwa hina. Alinitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Wewe utakaa miezi ngapi?" akaniuliza.

"Nimeletwa kikazi, Bwana Noor. Sijui."

"Mwenye alikuwa kabla yako alikaa minne. Sitaki kujifunza jina lako ya bure."

Basi mwezi mzima aliniita Huyu Mpya. Wagonjwa nao wakafuata. Mtu anaingia ameshika shavu, anauliza, "Huyu Mpya yuko?" Nilipochoka nikamwambia Noor nina jina nililopewa na babangu. Akasema, "Jina iko. Sisi tunangoja kama wewe pia utakuwako."

Kazi nilijifunza chuoni, sikatai, lakini kuifanya alinifundisha Noor. Tulikuwa na kiti kimoja cha mgonjwa ambacho pampu yake ilikuwa inavuja, kwa hiyo kilishuka polepole bila kuulizwa. Ulianza kung'oa jino umesimama, ukamaliza umepiga magoti. Noor alitia matofali mawili chini yake, na kile kiti kikatulia kuliko vingi nilivyovikuta baadaye. Kioo cha mdomoni, tochi, shashi na kijiti cha kukandamizia ulimi alivipanga mezani kwa mpangilio ule ule kila asubuhi, na ukirudisha kioo mahali pa kijiti alikaa kimya mpaka ujione mjinga mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenionyesha mabaka. Kule watu wazima wengi, wake kwa waume, walikuwa wakitafuna buuri, yaani tumbaku iliyochanganywa na majivu. Mtu huiviringa donge, akaliweka kati ya shavu na ufizi, akalisahau hapo mpaka chai ya saa kumi. Kila mtu ana pembe yake, haibadilishi, na pale donge linapolala miaka nenda rudi, ngozi ya ndani hugeuka nyeupe na kukunjamana. Noor akanipa shashi. "Futa. Ikitoka, ni utando tu, mpe dawa. Ikikataa, hiyo ni baka, andika." Jeupe linalokaa kimya tunalichunga. Jeupe lenye madoadoa mekundu ndani yake, au jekundu tupu, au kidonda kisichopona wiki tatu, hilo halichungwi, hilo linakatwa kipande kikapimwe. Kwa sababu hayo mabaka hayaumi, wanangu. Mengi hayafiki popote, lakini moja likiamua kuwa saratani, huanza vivyo hivyo, kimya, mtu anakunywa chai yake.

Kulichunga kwetu kulikuwa hivi. Noor alichukua uzi wa kushonea, akaulaza juu ya baka kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akaukata hapo, akaubandika kwa plasta kwenye kadi ya mgonjwa. Mgonjwa akirudi, unakatwa uzi mwingine, unabandikwa chini ya ule wa kwanza. Mtu hata kama hajui kusoma, nyuzi anaziona: zinarefuka au zinafupika. Nimetumia mashine za picha za kila aina tangu hapo, na sijaona inayomwingia mgonjwa akilini upesi hivyo.

Tarehe za kurudi nazo nilizitupa mapema. Niliwahi kumwandikia mama mmoja mchungaji arudi tarehe kumi na mbili, Noor akaisoma kadi akacheka mpaka akaketi. "Ngamia hajui tarehe kumi na mbili." Tukawa tunaandika baada ya mvua za gu, yaani za masika, kabla ya Ramadhani, Jumatano ya mnada. Wakarudi.

Sasa niwaletee Mzee Gedi.

Mzee Gedi alikuwa dilaal, dalali wa ngamia katika soko la mifugo, na sifa zake zilifika mpaka Wajir. Alikuja kwa sababu ya jino lililovunjika, nikang'oa, na katika kukagua nikaona baka jeupe shavu la kushoto chini, refu kama kiungo cha kidole gumba. Nikalifuta, likakataa. Nilimwita adeer, yaani ami, kama nilivyofunzwa na Noor, naye akanijibu adeer, kwa kuwa Wasomali wana tabia hiyo nzuri ya kukurudishia heshima uliyowapa. Nikamgusa pale kwa mpini wa kioo, huku wagonjwa wote kwenye benchi wakitusikiliza.

"Adeer, hapa usiweke buuri tena."

Akafikiri. Akamtazama Noor. "Hapa?"

"Hapa hapa."

"Wallahi, hapa siweki tena."

Mnaona? Mtu mzima ameapa, mashahidi benchi zima. Nikabandika uzi wa kwanza, nikajisikia daktari.

Akarudi baada ya mvua, uzi umefupika nusu. Akarudi kabla ya Ramadhani, uzi umekuwa kama punje ya mchele. Mara ya nne hapakuwa na cha kupima. Ngozi ilikuwa safi, nyekundu laini, kama ya mtoto. Jamani nilifurahi! Nikaandika "Limepona" kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Ile kadi nikaitia kwenye mkoba, na kila tulipokwenda na msafara kliniki za kambi za wakimbizi, Ifo na Dagahaley, niliiinua juu mbele ya watu. "Tazameni huyu mzee! Uzi wa kwanza huu, wa mwisho hakuna!" Akina mama wakapiga vigelegele. Noor alitafsiri yote bila kutikisa ndevu. Hata mimi nilijipigia vigelegele moyoni, siwafichi.

Idd ilipokaribia Noor alikwenda kununua mbuzi kwenye soko la mifugo, kule kule anakofanyia kazi Mzee Gedi. Aliporudi alipanga vyombo vyake, akakohoa, akaniuliza, "Yule mzee wako. Kulia ulimtazama?"

"Kulia kuna nini?"

"Mimi nauliza. Daktari ni wewe."

Nikaichukua kadi. Mara nne nimeandika, na mara zote nne ni kushoto, kushoto, kushoto, kushoto. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho ninayo, tochi ninayo, na nikaambiwa.

Tulimwita. Alikuja na shali yake begani, ametoa donge na kusukutua kama ilivyo adabu, akafungua mdomo na, kwa mazoea, akanigeuzia kushoto. Nikamgeuza uso kwa vidole viwili. Lo, maskini mimi. Kulia kulikuwa na baka lililopita lile la kwanza, limetoka kwenye ufizi likarudi nyuma, na jingine pembeni mwa ulimi linaloangaliana nalo. Hilo la ulimi lilikuwa na madoadoa mekundu. Nikaligusa. Likawa gumu kidogo kwenye ukingo.

"Adeer," nikasema, "si uliniapia?"

"Nilitimiza."

"Umetimiza nini, na hiki ni nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama nilivyowatazama nyinyi mliponishikia koleo kichwa chini. "Daktari, mimi ni dilaal. Miaka arobaini mtu hajasema Gedi amevunja neno. Wewe uligusa kushoto. Mimi nilikubali kushoto. Kulia hatukutaja."

Noor akageukia dirisha, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Nilikasirika na mzee kwa muda wa kuvaa glovu moja, na kabla sijavaa ya pili nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe. Alikuwa amefanya sawasawa nilivyomwambia. Aliyeharibu ni mimi, niliyempima mtu kwa shavu moja nikaenda kumtangaza Dagahaley.

Nikamweleza bila kuficha. Baka la ulimi si la kuchungwa, lazima daktari wa meno wa hospitali, maana diploma yangu haikuniruhusu kukata, achukue kipande kidogo kikapimwe Nairobi, na likiwa limeanza kuharibika litolewe lote kabla halijawa saratani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Basi kitu haiumi, unakata ya nini? Chuma ikigusa kidonda, kidonda inakasirika. Na Ijumaa naondoka na lori kwenda Banissa. Kuna ngamia wanangoja."

"Banissa utakaa muda gani?"

"Mpaka wakiisha."

Nilihubiri, wanangu. Nilimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu kwamba yeye hajaficha, si ameufungua mdomo? Noor aliniacha nihangaike, kisha akaninong'oneza, "Unampigia kelele mtu ambaye kelele si kazi yake. Umewahi kuona dilaal akitaja bei kwa mdomo?"

Nilikuwa nimewaona, ila sikuwa nimewaza. Katika soko la ngamia madalali wawili hawasemi bei. Wanasimama uso kwa uso, wanafunika mikono kwa shali, na chini yake wanashikana vidole: hiki kina thamani hii, viwili thamani ile, kubana ni kukubali, kuchomoa ni kukataa. Nyuso hazisemi kitu. Waliosimama kando hawajui lolote mpaka shali iinuliwe. Na mkono ukishaingia chini ya kitambaa, ni aibu kuondoka kabla hawajamaliza.

"Yale ya siku ile," Noor akaendelea, "ulisema mbele ya benchi nzima. Kwake yeye hayo ni mazungumzo tu. Shukuru hata kushoto alikupa."

Basi nikachukua taulo la kliniki, lile la kijani, nikalitandika juu ya mkono wangu wenye glovu, nikaunyosha. Mzee Gedi akalitazama taulo, akamtazama Noor. Mimi ni mwanamke, wala si wa kwao.

"Glovu nayo ni kitambaa," Noor akatoa fatwa.

Mkono wa mzee ukaingia. Ulikuwa mkavu na mwepesi, na mara uso wake ukawa mwingine kabisa, uso wa mtu asiye na habari na wewe.

Tulianza na kipande cha kukatwa. Noor alitaja jambo, sisi tukapeana vidole. Akanipa vitatu: atakuja baada ya miezi mitatu. Nikachomoa. Akanipa viwili. Nikachomoa. Nikamwambia Noor ataje siku, si miezi, nikamshika mzee kidole kimoja tu: kesho. Nilisikia jasho likinitiririka ndani ya glovu. Halafu akabana. Kesho!

Tukaingia kwenye buuri. Akanipa vidole vinne, madonge manne kwa siku. Nikakataa. Vitatu. Nikakataa. Akanipa viwili, akaving'ang'ania, na nikamwona shavu limecheza, kumbe anaumia. Alama ya hakuna kabisa sikuijua, kwa hiyo nikafunga ngumi, nikaiweka ndani ya kiganja chake. Macho yakamtoka. "Hiyo bei hata mwizi haitaki," akasema kwa sauti, na nadhani ndiyo mara pekee aliyovunja kanuni za soko maishani mwake. Akarudia viwili, nikarudia ngumi. Viwili. Ngumi. Taulo likaloa. Mwishowe akatoa mkono polepole, akasema, "Tutaendelea."

Kesho yake akaja kama alivyobana. Daktari akampiga sindano ya ganzi, akakata kipande kama mbegu ya pilipili, tukakitia kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia. Utingo wa basi la Nairobi aliigeuza geuza ile chupa, akauliza ni nyama ya nini. Noor akamwambia ni ya dilaal. "Hiyo haiozi," utingo akasema, akaitia mfukoni. Ijumaa mzee akapanda lori, akaenda zake Banissa, kule mpakani upande wa Mandera.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Chembe zimebadilika vibaya, bado si saratani, zimebakiza hatua. Litolewe lote sasa. Nilisoma ile karatasi nimesimama, nikaenda kukaa kwenye kile kiti cha mgonjwa, na nakumbuka niliwaza jambo moja tu: bado. Imesema bado. Na mwenye ulimi yuko mpakani anahesabu nundu za ngamia.

Simu ya kumpata haikuwapo. Kulikuwa na madereva wa malori tu. Nikaandika barua ndefu, ina maelezo, ina hatari, ina tafadhali mbili. Noor akaisoma, akaikunja, akatia mfukoni mwake mwenyewe. "Ukimwambia mtu wa Banissa ana ugonjwa haiumi, atasema alhamdulillahi haiumi." Akatoka kwenda kwenye kituo cha malori, na mimi nyuma yake. Kila dereva wa njia ya Mandera Noor alimpa maneno yale yale ayafikishe, nami nayajua kwa Kisomali mpaka leo: mwambie Mzee Gedi, mkono bado uko chini ya kitambaa.

Siku zikapita. Nikawa nasahau kula, Noor akawa ananiletea maziwa ya ngamia na kunisimamia niyamalize kama mtoto. Nilimwuliza kila asubuhi, "Atakuja?" Naye kila asubuhi akapanga kioo, tochi, shashi, kijiti, akanijibu, "Dilaal haachi mkono wa mtu hewani."

Mzee Gedi alishuka kwenye lori siku ya kumi na tisa, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, akaja kliniki moja kwa moja kabla ya kunawa. Hakusalimia. "Nani anasema Gedi amekimbia soko?" Wallahi nililia. Nikageukia sinki nikafungua bomba, na bomba lenyewe siku hiyo halikuwa na maji, kwa hiyo kila mtu akanisikia.

Alikatwa kesho yake. Daktari alitoa baka la ulimi pamoja na ukingo mzima kulizunguka, akamtia nyuzi, na kipande kilichopimwa baadaye kikaja na habari njema: ukingo wote safi. Lile la shavuni tukaliacha tulichunge, sharti buuri ikome. Nikamwonya asiseme wiki mbili nzima. Noor akaniuliza kama najua jinsi ya kuandika dawa hiyo kwa watu wengine pale Garissa, akaanza kunitajia majina.

Wiki ya pili ilipotimia akaja. Shali begani, nguo safi, ulimi bado mzito. Nikamwambia, "Adeer, fungua mdomo." Akatikisa kichwa. Nikadhani anaumwa. Akanyoosha kidole kwenye taulo la kijani lililokuwa kwenye msumari wake.

Nikavaa glovu. Noor akaacha kufuta meza. Mkono wa mzee ukaingia chini ya taulo, akanipa vidole viwili kama tulivyoachana. Mimi sikuchomoa, nikangoja. Kikakunjika kimoja. Akavuta pumzi, uso hauna habari na mtu. Kikakunjika cha pili, na ndani ya kiganja changu ikabaki ngumi, kavu, imefungwa barabara.

Nikaibana.

"Ngapi?" Noor akauliza.

Hatukumjibu. Nilirudisha taulo kwenye msumari, nikawasha tochi, nikaanza na shavu la kulia.